Nani wa Mwisho Hapa? Kiswahili na Somo la Kwanza la Uandishi wa Programu Chuoni



Mihadhara ya umma kuhusu Kiswahili aghalabu huchagua mada zake katika ushairi, historia ya lahaja au sarufi. Mhadhara huu unaingia katika chumba ambacho wanaisimu hawakitembelei mara nyingi: darasa la mwaka wa kwanza ambamo mwanafunzi anafundishwa, kwa mara ya kwanza maishani, kuandika programu ya kompyuta na kupanga data ndani yake. Hoja ya mhadhara ni moja. Ugumu wa somo hilo kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki haumo katika maneno machache ya Kiingereza ambayo mashine inayadai. Umo katika kueleza, hatua kwa hatua, kinachotokea ndani ya mashine. Kwa kazi hiyo ya kueleza Kiswahili kina vyombo vyake, vingine vikali kuliko vya Kiingereza na vingine vyenye kutu, lakini vyote vimeachwa nje ya mlango wa darasa.

Somo lenyewe halitofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Linaanza na kigeu, sharti, kitanzi na kitendakazi. Kisha linaingia katika miundo ya data: safu, orodha, foleni, na ule muundo wa vitu vilivyowekwa kimoja juu ya kingine ambao bado haujapata jina moja la Kiswahili. Pengine linamalizia na mti na jedwali la kutafutia. Lugha za programu zimebadilika kadiri miaka ilivyopita. Pascal ilitawala, ikafuatwa na C, C++ na Java, na sasa Python imeenea. Orodha ya mada imebaki karibu ile ile.

Maneno ambayo mwanafunzi analazimika kuyaandika kwa Kiingereza ni machache mno. Lugha ya C, kwa mujibu wa kiwango chake cha mwaka 1989, ina maneno maalumu 32 tu. Kijana aliyepita kidato cha sita amekwisha kukariri istilahi nyingi kuliko hizo katika sura moja ya biolojia. Zipo pia lugha za programu zilizoundwa kwa maneno ya Kiswahili; mojawapo ni Nuru, inayomwezesha mtu kuandika *kama*, *sivyo*, *wakati* na *rudisha*. Jitihada hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua kwa nini kitanzi chake hakikomi hatapona kwa kubadilishiwa neno moja la mwanzo wa kitanzi.

Anachokosa ni maelezo, na mahali anapoyapata panajulikana. Mhadhiri hufundisha kwa Kiingereza, darasa likanyamaza na kunakili. Baada ya kipindi, kwenye varanda, wanafunzi watano humzunguka mwenzao mmoja aliyeelewa, naye huwaeleza kwa lugha iliyochanganyika: “Unapushi tatu, unapushi tano, ukipopu inatoka tano.” Wapo wanaokiona Kiswahili hicho kuwa ni uchafuzi. Lakini ndicho kilichofundisha. Wiki chache baadaye mtihani utauliza kwa Kiingereza maana ya muundo huo, na wote sita wataandika sentensi ile ile ya kitabu bila kosa. Swali la pili litawapa mistari kumi ya programu na kuwataka waonyeshe data ilivyo baada ya kila mstari. Hapo ndipo aliyeelewa na aliyekariri watakapotengana.

“Ni” na “iwe”

Mfano wa kwanza unatoka katika siku za mwanzo kabisa za somo. Mwanafunzi huonyeshwa mstari unaosema x, kisha alama ya usawa, kisha x kuongeza 1. Kwa miaka isiyopungua kumi na miwili amefundishwa kwamba alama hiyo husomwa “ni sawa na”. Hakuna namba iliyo sawa na nafsi yake ikiongezwa moja. Mstari huo kwake ni uongo, na mwanafunzi makini ndiye anayekwama zaidi, kwa sababu yule asiyefikiri hunakili tu na kusonga mbele.

Watunzi wa lugha ya Algol waliliona tatizo hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakatumia nukta mbili kabla ya alama ya usawa ili kutofautisha amri na taarifa. Pascal ikarithi desturi hiyo. Lugha ya C na zile zilizofuata nyayo zake zilirudisha alama moja kwa amri na kuweka alama mbili kwa swali la usawa. Ulimi wa Kiingereza haukusaidia sana, kwani darasani yote mawili husomwa kwa kitenzi kimoja.

Kiswahili kinatofautisha mambo haya kwa sarufi yake yenyewe, bila kuhitaji istilahi mpya. “X ni 5” ni taarifa. “Je, x ni 5?” ni swali. “X iwe 5” ni amri. Dhamira tegemezi, ile inayogeuza irabu ya mwisho ya kitenzi kuwa *-e*, imekuwapo kinywani mwa mwanafunzi tangu utotoni: mlango ufungwe, chai iletwe, x iwe x na moja zaidi. Mwalimu anayeusoma mstari ule kwa “iwe” anaondoa kwa silabi mbili fumbo ambalo vitabu hulitengea kurasa mbili. Hii si tafsiri ya Kiingereza. Ni jambo ambalo Kiswahili kinalisema vizuri zaidi.

Isidhaniwe kuwa kila mahali pana neema hiyo. Kiambishi *-ki-* kinamponza mwanafunzi. “Mvua ikinyesha tutabaki ndani” huweza kueleweka kuwa sharti la mara moja, na pia huweza kuwa desturi inayojirudia kila mvua inyeshapo. Katika programu, sharti hupimwa mara moja na kupita. Kitanzi hupimwa tena na tena. Mwalimu akisema “x ikiwa chini ya kumi, ongeza moja”, nusu ya darasa itaona sharti na nusu itaona kitanzi, na pande zote mbili zina haki kisarufi. Neno *wakati* nalo halitoshi kwa kitanzi, kwa kuwa linataja majira bila kudai upimaji mpya. Neno linalofaa lipo: *maadamu*. “Maadamu x iko chini ya kumi, ongeza moja” haiachi shaka kwamba hali inaendelea kupimwa na kwamba siku itakapokoma, kazi nayo itakoma. Ni neno ambalo vijana wengi hulisikia kwenye hotuba na mawaidha zaidi ya mazungumzo. Si vibaya likapata ajira mpya.

Saa moja asubuhi

Kikwazo cha pili ni sifuri. Katika lugha nyingi zinazofundishwa, kitu cha kwanza katika safu hupewa namba 0, cha pili namba 1, na cha nane namba 7. Mtaalamu wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi mwaka 1982 kuitetea desturi hii, lakini sababu yake ya kiufundi ni rahisi zaidi. Safu hukaa katika kumbukumbu ya mashine kwa mfululizo. Ikiwa inaanza kwenye anwani 1000 na kila kitu kinachukua baiti 4, basi kitu chenye namba 3 kiko kwenye anwani 1012, yaani 1000 kuongeza mara tatu ya nne. Namba hiyo haisemi “wa ngapi”. Inasema “hatua ngapi kutoka mwanzo”. Aliye mwanzoni hajapiga hatua yoyote.

Maelezo haya yakitolewa kwa Kiingereza huonekana kama kanuni ya ajabu ya wahandisi. Mswahili anaishi ndani yake kila siku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu macheo, na saa moja asubuhi si mwanzo wa siku. Ni dakika ambayo saa nzima imekwisha kupita tangu mwanzo. Namba ya saa ni umbali. Na ile saa ya kwanza ya mchana, kabla ya kugonga saa moja, huitwaje? Mtu husema “saa kumi na mbili na robo”. Kumi na mbili hapo inasimama mahali pa sifuri, kwa sababu ukiigawa kwa kumi na mbili hakibaki kitu.

Hapo hapo mwanafunzi amepata zoezi lake la kwanza la baki la mgawanyo. Ichukue saa ya Kizungu, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, shika baki. Baki likiwa sifuri, soma kumi na mbili. Saba inatoa moja, kumi na mbili inatoa sita, sita inatoa kumi na mbili. Kila mtoto wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hufanya hesabu hii kichwani bila kujua kuwa ina jina. Vitabu vya mwaka wa kwanza, ambavyo karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani na Uingereza, hutumia badala yake kubadili nyuzi za joto za Fahrenheit, kipimo ambacho msomaji wa Mwanza hana nacho haja.

Nani wa mwisho hapa?

Katika miundo yote ya somo hili, foleni ndiyo inayoonekana kutohitaji maelezo. Neno lenyewe liliingia Kiswahili kutoka amri ya gwaride la askari wa Kiingereza, likahamia kwenye duka la ushirika, benki, kituo cha daladala na hospitali. Anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Mwalimu hulitaja na kuendelea mbele. Anafanya haraka mno, kwani foleni za hospitali ni aina mbili, na tofauti yake ndiyo tofauti iliyo muhimu kuliko zote katika somo zima.

Aina ya kwanza ni ya benchi. Wagonjwa thelathini wamekaa kwa mpangilio, bega kwa bega. Wa kwanza akiitwa, wengine ishirini na tisa wananyanyuka kidogo na kusogea. Akiitwa wa pili, ishirini na wanane wanasogea. Hadi chumba kinabaki kitupu, watu watakuwa wamesogea mara 435. Hii ni foleni iliyojengwa kwa safu. Ni rahisi kuielewa, na unaweza kumtaja mtu wa kumi papo hapo kwa kuhesabu nafasi, ila kila anayetoka mbele anawataabisha wote walio nyuma. Dawa yake inajulikana hata hospitalini: watu wasisogee, bali kibao cha “anayehudumiwa” ndicho kisogee. Programu nzuri hufanya hivyo hivyo, na ikifika mwisho wa benchi hurudi mwanzo kwa lile baki la mgawanyo lililotumika kwenye saa.

Aina ya pili haina benchi. Mgonjwa anafika, anauliza kwa sauti, “Nani wa mwisho hapa?” Mtu mmoja anainua mkono. Mgeni anamtazama, anamkariri, kisha anakwenda kukaa popote: chini ya mwembe, kwenye ngazi, kando ya mwuza maji. Anayekuja baadaye atauliza swali lile lile, na safari hii mkono utakaoinuliwa ni wa huyo mgeni. Kwa macho hakuna mstari wowote. Foleni ipo, lakini imehifadhiwa katika kumbukumbu za watu, kila mmoja akibeba vitu viwili tu: shida yake mwenyewe, na sura ya mtu aliye mbele yake.

Huu ni mnyororo wa nodi na vielekezi, mada ambayo huwaangusha wanafunzi wengi. Yote yanayotakiwa yamo. Mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa degedege akipitishwa katikati, hakuna anayesogea. Ni kumbukumbu mbili tu zinazobadilika, ya mama huyo na ya yule atakayekuwa nyuma yake. Mtu akichoka na kuamua kuondoka, hana budi kumwambia aliye nyuma yake: “Mimi natoka, wewe sasa mfuate yule mwenye kofia.” Akiondoka kimya kimya, mnyororo unakatika. Waliokuwa nyuma yake bado wako pale, wagonjwa vilevile, lakini hakuna njia ya kuwaunganisha na walio mbele. Kosa hilo hilo katika programu huacha data ikining'inia ndani ya kumbukumbu bila mtu wa kuifikia.

Lakini mfano huu una mtego, na mwalimu mwaminifu atauonyesha. Muuguzi anapofungua mlango na kuita “Anayefuata!”, yeye hajui ni nani. Aliyetoka naye hajui, kwa kuwa alimkariri aliyekuwa mbele yake, si aliye nyuma. Hospitalini jambo hili halina tatizo kwa sababu anayehusika husimama mwenyewe. Nodi za kompyuta hazisimami wala hazisemi. Kama kila nodi inamkumbuka wa mbele yake tu, mashine italazimika kuanza kwa wa mwisho na kufuata vielekezi vyote hadi kichwani kila inapotaka kumwita mtu mmoja. Kwa sababu hiyo waandishi wa programu hugeuza mwelekeo: kila nodi hukumbuka iliyo nyuma yake, na pembeni huwekwa kumbukumbu mbili za ziada, moja ya wa kwanza kwa ajili ya muuguzi, na moja ya wa mwisho kwa ajili ya mgeni. Lile swali “Nani wa mwisho hapa?” ni hicho kielekezi cha pili.

Hapa Kiswahili kinamtia mwanafunzi matatani kwa namna ambayo wanasarufi wanaifahamu vyema. “Mtu anayemfuata” ni nani? Ni yule aliye nyuma ya mtu mwingine, au ni yule ambaye mtu mwingine yuko nyuma yake? Katika ngeli ya watu, kiambishi cha mtenda na kirejeshi vinafanana kwa wote wawili, na kauli inabaki na maana mbili. Wanafunzi wanaojadili mnyororo kwa Kiswahili hugeuza vielekezi bila kujua, kila mmoja akiamini amekubaliana na mwenzake. Suluhisho limo humo humo katika lugha: kauli ya kutendwa. “Anayefuatwa na Asha” ni wa mbele yake Asha pasi na shaka yoyote. Mwalimu akishikilia kauli hiyo tangu mchoro wa kwanza, kielekezi hakitageuka. Utafiti wa virejeshi umejaza kurasa nyingi za majarida ya isimu. Hapa unapata mahali pa kufanya kazi.

Kutwika na kutua

Kinyume cha foleni ni muundo ambao anayeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Kila lugha iliutafutia jina nyumbani kwake. Alan Turing, katika taarifa ya kuunda kompyuta aliyoiwasilisha mwaka 1946, alitumia vitenzi vya kuzika na kufukua: mashine inapoacha kazi moja ili kufanya nyingine, huzika alama ya mahali ilipoishia, na ikirudi huifukua. Wajerumani Friedrich Bauer na Klaus Samelson, walioombea hataza wazo hili mwaka 1957, waliliita kwa neno la chumba cha chini ya nyumba. Wafaransa wakachukua neno lao la kawaida la vitu vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Wafaransa hao hao ndio waliomwendea Jacques Perret, mtaalamu wa Kilatini, mwaka 1955 kutafuta jina la kompyuta yenyewe, naye akawapa *ordinateur*. Hakuna aliyeona haya kutafuta.

Kwa Kiswahili, baadhi husema *rundo*. Neno hilo halifai. Rundo la takataka, rundo la nguo chafu: rundo halina mpangilio, na anayelichokonoa huchukua popote. Zaidi ya hayo, somo la kompyuta lina muundo mwingine kabisa ambao Kiingereza kimeuita kwa neno lenye maana ya rundo, na mwaka wa pili mwanafunzi atajikuta na jina moja kwa vitu viwili. *Bunda* linakaribia, kwani noti za bunda huchomolewa juu, lakini bunda hufungwa na idadi yake hujulikana. Mkopo wa *staki* ungeweza kukubalika, kama *foleni* ilivyokubalika. Udhaifu wake ni kwamba hauleti picha yoyote kwa asiyejua Kiingereza vizuri, na picha ndiyo inayohitajika.

Pendekezo la mhadhara huu linaanzia kwenye kitenzi. Sahani za mama lishe zimebebana. Magunia ghalani yamebebana. Kutokana na *vutana* lugha imepata mvutano, kutokana na *gongana* mgongano, na kutokana na *pambana* mpambano. Kanuni hiyo hiyo inatoa *mbebano*, mibebano. Kila kitu kinabebwa na cha chini yake, na cha chini hakichomolewi kabla ya cha juu. Kuhusu matendo mawili ya muundo huu, lugha haihitaji kuunda chochote. Kuongeza mzigo juu ni *kutwika*. Kuuondoa ni *kutua*. Kila msichana aliyechota maji anayajua maneno hayo, na wanasiasa wa Tanzania wamelifanya la pili kuwa ahadi, waliposema watamtua mama ndoo kichwani. “Twika tatu, twika tano, tua: inatoka tano.” Sentensi ya kijana wa varandani imerudi, safari hii bila mkopo, na haikupoteza ufupi wake.

Matumizi ya muundo huu yanaweza kuonyeshwa kwa mabano ya hesabu. Yanaweza pia kuonyeshwa kwa zile hadithi za Alfu Lela Ulela ambamo mhusika mmoja anaanza kusimulia, ndani yake anatokea mwingine mwenye kisa chake, na ndani ya hicho kingine tena. Kisa kilichofunguliwa mwisho lazima kifungwe kwanza, la sivyo msikilizaji atapotea. Kitendakazi kinachojiita chenyewe hufanya hivyo hivyo.

Kamusi

Python ina muundo unaoitwa kamusi: unatoa neno, unapewa kilichoambatana nalo. Jina hilo linapotosha kidogo. Kamusi ya karatasi hupangwa kialfabeti, na msomaji huitafuta kwa kufungua katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea. Kwa njia hiyo, maneno 32,000 hayahitaji zaidi ya ufunguzi 15. Kamusi ya Python haitafuti hivyo. Inalichukua neno, inalifanyia hesabu, na hesabu hiyo inataja moja kwa moja mahali pa kwenda.

Wanafunzi huona jambo hili kuwa uchawi. Lakini anayetumia kamusi ya Kiswahili amekuwa akifanya kitu cha jamaa hiyo. Akikutana na “meno” hatafuti chini ya *me-*. Anafanya hesabu ya ngeli na kufika kwenye *jino*. “Nyuzi” inampeleka kwenye *uzi*. “Wamekwishawasomesha” inabidi ivuliwe viambishi kimoja kimoja hadi ibaki *soma*. Mahali pa neno hapaonekani kwenye umbo lake la nje, hukokotolewa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa njia za namna hiyo, na kazi yake ni ushahidi kwamba kanuni hizo zinaweza kuandikwa wazi kiasi cha mashine kuzifuata.

Hata mgongano, yaani maneno mawili kuangukia mahali pamoja, unajulikana. *Kata* ni kitendo cha kisu, ni chombo cha kutekea maji, ni eneo la utawala, na ni ule mviringo wa kitambaa au majani unaowekwa kichwani kabla ya kutwikwa mzigo. Wanaleksikografia huyapanga pamoja na kuyapa namba ndogo juu, moja, mbili, tatu, nne. Msomaji akifika huyapitia hadi apate analolitaka. Jedwali la kompyuta linafanya hivyo pia: mahali pamoja, mnyororo mfupi, unapitiwa nodi baada ya nodi.

Skrini na karakana

Kiswahili kimeshaingia kwenye kompyuta, lakini kwa mlango mmoja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura za Kiswahili za bidhaa zake. Istilahi nyingi zilitokana na jitihada hizo, na mabishano mengi pia; ubishi kati ya *kompyuta* na *tarakilishi* umewafurahisha wasomaji wa magazeti kwa miaka mingi kuliko ulivyostahili. Hayo yote yalikuwa maneno ya skrini, ya mtu anayetumia chombo kilichotengenezwa na wengine: faili, kabrasha, hifadhi, futa. Maneno ya karakana, ya mtu anayekitengeneza chombo, hayakuguswa.

Upungufu huo si wa bahati mbaya. Tume ya Rais ya Elimu ya Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na darasa la kompyuta la mwaka wa kwanza halikusikia tofauti. Kungoja tamko lingine ni kuwaangusha wanafunzi wengine wengi katika somo la kwanza, na wengi wao huondoka wakiamini kwamba hawana akili ya kompyuta.

Yapo mambo yasiyohitaji tamko. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi afuatilie programu mstari kwa mstari linaweza kuruhusu maelezo kwa Kiswahili, kwani kinachopimwa ni ufuatiliaji. Saa moja ya semina kwa wiki inaweza kutolewa kwa yale yanayofanyika varandani, mhadhiri akiwapo kusikiliza. Na mtu wa idara ya Kiswahili anaweza kukaa humo na daftari. Istilahi za somo zima hazitazidi sitini au sabini. Kamati za istilahi zina desturi ya kuanza na nomino, zikauliza kitu hiki kiitweje, na kukesha juu ya jina la mashine. Orodha hii ingefaa ianze na vitenzi, na vitano vya mwanzo viko tayari: iwe, twika, tua, fuatwa, elekeza. Kinachofuata ni kitenzi cha kitendakazi kinachojiita chenyewe. *Kujirudia* kimekwisha kuchukuliwa na kitanzi, na *kujiita* kinasikika kama majigambo, kwa hiyo hapo wanafunzi wa varandani ndio wa kuulizwa kwanza.